Waridi Pori Halikai Lilipopandwa

Nimestaafu kabla sijaota mvi hata moja. Wazee wa mtaani kwetu Isevya wakisikia wanacheka, wanauliza mstaafu gani huyu anaruka mitaro. Lakini kidole gumba cha mkono wangu wa kulia hakikunji tena. Mwiba uliingia kwenye kiungo ukakatikia humo humo, pakavimba, na daktari alipoutoa akaniambia, "Dada, mkasi wa bustani basi." Nikamuuliza kama kufunga kanga naruhusiwa. Akasema kanga ruhusa. Sasa nauza asali, kazi ambayo wenye miiba wana mabawa na wanakaa porini, mbali na mimi.

Nyinyi watatu mliobaki na toroli mliniomba niwaandikie habari za mawaridi pori. Mlisema nikieleza kwa mdomo mnacheka, halafu mnaenda kukata mzizi kwa jembe kama vile sikusema kitu. Haya, nimekaa chini naandika. Mimi nimeishia darasa la saba, kwa hiyo majina ya kisomi msiyatafute humu. Nitaandika nilichokiona. Na nilichokiona, wenzangu, mpaka leo nikikikumbuka nanyamaza, na mnanijua mimi kunyamaza siyo fani yangu.

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Rajabu alinipokea kwenye geti la nyumba moja hapa hapa Isevya. Nilikuwa nimemaliza shule, nauza ndizi, na ndizi zenyewe zilikuwa zinaiva haraka kuliko wateja wanavyokuja. Fundi alikuwa mtu wa Tabora mjini wa tangu na tangu, kofia ya kufuma, kikohozi cha kiangazi, na maneno machache ambayo aliyatoa kama anayakopesha. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba, akanipa panga, akanionyesha kichaka kando ya bafu. "Kile kimezidi. Kiondoe."

Nikakiondoa. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimekata kila kijiti usawa wa ardhi, nimekusanya, nimechoma moto, nimefagia na majivu. Mikono yangu ilikuwa imechanwa kama nimegombana na paka wa ukoo mzima. Fundi akaja akaangalia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, fundi."

"Haya, pole."

Nikadhani ananipa pole ya kazi. Mvua za kwanza zilipogonga, nikapita pale asubuhi nikakuta pamejaa machipukizi, mekundu mekundu, manene, mengi kuliko niliyoyakata, mengine yametokea hatua kadhaa kutoka kwenye kile kichaka, yamesimama peke yao kwenye uwanja kama yaliyotumwa kuangalia njia. Nikakimbia kwa Fundi.

"Fundi, yamerudi."

"Kwani yalikwenda wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na alinipa bure. Waridi pori halikai juu. Huku juu linatuma wawakilishi tu. Lenyewe liko chini, limelala, linasikiliza maji yako wapi.

Yalikotoka, kila mtu ana lake. Wengine wanasema yaliletwa na misafara ya zamani, yamefungwa kwenye vitambaa vibichi katikati ya mizigo. Wengine wanasema wamisionari. Kuna mzee mmoja alishikilia kwamba yalikuwepo kabla ya watu wote, watu ndio walioletwa. Mimi nililiuliza waridi lenyewe, likanichoma. Ninachojua ni kwamba halina uhusiano na yale mawaridi ya harusini, yale manene yenye petali kama kabichi, yanayokufa ukichelewa kuyamwagilia siku mbili. Hili ua lake ni jepesi, petali tano, jeupe linaloona haya kidogo pembeni, na katikati lina vumbi la manjano. Ukilishika linapukutika. Unalidharau. Halafu kinakuja kiangazi cha Tabora, ule mwezi ambao hata mbwa anachagua kivuli kwa kugombea, kila kitu bustanini kimekuwa rangi ya chapati, na lenyewe limesimama na majani yake. Alfajiri, kabla jua halijawa na hasira, linanukia mpaka mtu anayekwenda msikitini anapunguza mwendo.

Kulipanda ni rahisi mpaka aibu. Kata kijiti chenye unene wa penseli mvua zinapoanza, kichomeke nusu nzima ardhini, ondoka. Usilibembeleze. Ukilipa samadi nyingi linakutolea majani tu, na maua litakuambia subiri. Maua yakipita, kata yale mashina makongwe chini kabisa, acha machanga. Msikate juu juu kama kinyozi mwoga, mtapata fagio. Na msichimbe mzizi kwa jembe mkiukatakata, kwa sababu kila kipande mtakachokiacha ardhini ni mche. Ukiukata vipande vingi hujaondoa waridi, umefungua kitalu.

Vifaa ni vichache. Mkasi mzuri, na usimwazime jirani. Glavu za dukani hazifai, mwiba unapita unakusalimia. Fundi alitushonea za ngozi ya mkoba mkuukuu, na mimi yangu ya kulia ilikuwa bado na zipu, kwa hiyo nilikuwa mtunza bustani pekee Tabora mwenye mfuko kiganjani. Siku ile ya kidole sikuivaa, nilisema ni kijiti kimoja tu. Na kifaa cha mwisho ni mabati chakavu. Hayo nitayaeleza kwa kisa cha fundi cherehani.

Huyu mama alikuwa anaishi nyumba ya tatu kutoka msikitini, mjane, chumba chake kina sakafu ya simenti iliyosuguliwa mpaka unajiona. Asubuhi moja akashusha miguu kitandani akakanyaga kitu laini. Kuangalia, karibu na mguu wa kitanda sakafu imepasuka kidogo, na kwenye ule ufa kimesimama kitu cheupe, kimeinama, hakina jani, hakina rangi, kama kidole cha mtoto. Mama akatoka na gauni la kulalia mpaka barabarani. Akaitwa shehe kwanza. Shehe akaja, akasoma, akachungulia, akasoma tena kidogo, halafu akasimama akapangusa magoti. "Hili si la kwangu. Mwiteni Rajabu."

Tukachimba nje. Mzizi ulikuwa umetoka kwenye mawaridi ya nyumba ya jirani, ukapita chini ya njia, ukapiga mbizi chini ya msingi wa mawe, ukaingia ndani gizani, na huko gizani ukatafuta mahali pa kutokea. Ule ufa haukuwepo kabla. Yaani kile kidole cheupe, ambacho ningeweza kukivunja kwa ukucha, ndicho kilichoinua simenti. Fundi alipiga magoti pale kando ya kitanda, akaweka kiganja juu ya sakafu iliyoinuka, akakaa hivyo. Mama akamuuliza, "Vipi, fundi, kinaondoka?" Nilimwona mtu aliyefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa akikitazama kile kichipukizi kama mgeni aliyefika hapo mjini leo. Mwishoni akasema, "Samahani, mama. Nilikuwa naangalia nguvu za Mungu." Halafu akakikata.

Ndipo nikajifunza mabati. Mnachimba mtaro kuzunguka mawaridi, kina cha goti lako na zaidi kidogo, mnasimamisha mabati chakavu yakipandana kama magamba ya samaki, mnafukia mkiacha ncha ichungulie juu. Lazima ichungulie, kwa sababu mzizi ukikosa kupita chini unapanda juu, unaruka. Mwaka wa kwanza mtajiona mabingwa. Nendeni mkakague kila baada ya mvua hata hivyo.

Sasa Ntalikwa, nje kidogo ya mji. Nimefanya bustani nyingi, lakini kama ningeruhusiwa kuondoka kazini na siku moja tu mfukoni, ningechukua ile.

Kule tulikuwa na mteja, Bi Zena. Kabila lake Mzaramo, aliletwa Tabora na mumewe Mzee Sefu akiwa bado msichana, mume akafa, yeye akabaki. Alikuwa anachoma maandazi na mikate ya kumimina kwenye jiko la nje la tofali, na boda walikuwa wanampitia alfajiri kupeleka mjini. Lile jiko lilikuwa linasomesha wajukuu. Mawaridi yake yalikuwa marefu kuliko mimi, ukuta mzima, na ukitoka nyumbani kwake ulipita kwenye uwazi katikati ya mawaridi ndipo ukafika jikoni. Ng'ambo ya jiko ni njia, na ng'ambo ya njia ni zizi la jirani yake, Mzee Mihayo.

Mzee Mihayo alikuwa Mnyamwezi, mkulima wa karanga, Mmoraviani wa kiti cha mbele. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, mnajua wenyewe, basi wale wawili walikuwa hawalali bila kutukanana. Kila tukienda kukata mawaridi tulikuwa tunapata sinema.

"Wewe Mzaramo," anaanza Mzee akiwa zizini, "hilo jiko liko kwangu. Siku moja nitalichukua na wewe ndani yake."

"Njoo ulichukue. Lakini uje umeoga."

"Nitakuuza kwa mbuzi mmoja."

"Mbuzi akijua ananunua nini atakataa."

Mtaa mzima ulisikia hayo, mwaka hadi mwaka. Halafu Mzee Mihayo akafa.

Mwanawe mmoja tu ndiye aliyekuwa na sauti, Mayunga, aliyekulia kwa wajomba zake Igunga na kuishi huko, anasafirisha mpunga kwa lori. Ng'ombe wakauzwa. Kiwanja cha baba nacho akakipatia mteja wa kukinunua, mtu anayetaka mahali pa kuegesha malori, na yule mteja akasema anakitaka chote mpaka kwenye mawaridi. Na msimu huo huo wapimaji wa ardhi wakaingia Ntalikwa, kila mtu asimame aonyeshe mpaka wake.

Siku hiyo mimi na Fundi tulikuwa pale kwa kazi yetu. Mpimaji alikuwa kijana mstaarabu mwenye kofia kubwa na kile chombo cha miguu mitatu. Akauliza, "Mpaka ni upi?"

"Mawaridi," akasema Mayunga.

"Mawaridi," akasema Bi Zena, pamoja naye.

Mpimaji akafurahi, nadhani ndiyo mara ya kwanza wiki hiyo. Akaanza kwenda kwenye mawaridi. Ndipo Bi Zena akaona anakokwenda. Mawaridi yalikuwa katikati ya nyumba yake na jiko lake. Wakipima hapo, jiko linahamia kwa Mayunga, na kesho yake linavunjwa malori yageuze.

"Siyo hapo," akasema. "Yalikuwa kule, zizini. Yamehama."

Mayunga hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alikuwa amevaa shati la msibani bado. Akasema kwa upole kabisa, "Mama yangu, maua yanahamaje? Na baba mwenyewe alikuwa anasema jiko liko kwake. Mwulizeni mwenyekiti."

Mwenyekiti wa mtaa akakuna kidevu. "Kusema kweli alikuwa anasema. Wote tumesikia."

Nikamwona Bi Zena anatazama watu mmoja mmoja. Hakuna jirani wa zamani aliyebaki, na mtu akikaa na kitu kila siku haoni kikisogea. "Alikuwa mtani wangu," akasema. "Alisema pia ataniuza kwa mbuzi mmoja. Mbona hamjaja kunifunga kamba?"

Watu wakacheka, Mayunga hakucheka. Kwao Igunga alikolelewa hakuwa na Mzaramo wa kutukanana naye, kwa hiyo maneno ya baba yake aliyachukua kama yalivyotoka mdomoni. Mpimaji akasema yeye anapima anapoonyeshwa, hapimi ugomvi. Ataenda viwanja vya chini, akirudi jioni wawe wameelewana, la sivyo kiwanja kinabaki bila kupimwa na watajuana kwenye baraza.

Hapo Bi Zena akakaa kwenye kigoda chake na kutueleza. Siku Mzee Mihayo anamuuzia mumewe kiwanja, wawili wale walipanda mpaka kwa pamoja kama desturi. Watu wenye akili wanapanda minyaa au mkonge, vitu vinavyokaa. Lakini Mzee Sefu alipenda maua, na Mihayo akamkubalia, wakapanda waridi pori. Kosa lenyewe ndilo hilo, na walilifanya wakicheka. Ila chini ya kila mche walifukia mkaa na vigae, maana mkaa hauozi. Yeye alikuwa ndani na mtoto mchanga. Walikuja tu kumwomba chungu kibovu, akawapa kimoja cheusi chenye michoro ya mistari mdomoni. Ni wapi hasa walifukia, hakuona.

Fundi Rajabu akanigeukia. "Mzizi una mwanzo," akasema. "Vua viatu."

Mnielewe tulichotaka kufanya. Siyo kuchimba shimo popote kutafuta mkaa. Zizi ni kubwa, mngechimba mpaka Kigoma. Tulitaka kushika mzizi mmoja mkongwe hapo yaliposimama mawaridi, na kuufuata kinyumenyume mpaka nyumbani kwao.

Jembe tuliliweka kando, tukatumia mikono na kijiti. Chini ya mashina tukafunua mizizi mingi, tukachagua mmoja mnene kama mkono wangu kwenye kifundo, mweusi, umekunjamana. Tukaanza kuufukua. Ukapita chini ya ule uwazi wa kwenda jikoni. Ukafika kwenye jiko, ukaambaa na ukuta wake kama mtu mwenye adabu anayezunguka jamvi. Kila baada ya kipande kidogo palikuwa na kovu, mahali ambapo zamani shina lilisimama juu na kufa. Nikaelewa ninachoshika. Hapa lilisimama mwaka fulani, Bi Zena akiwa na watoto wadogo. Hapa mwaka mwingine. Lilikuwa linatembea kuelekea bafu la nyumbani kwake, kwenye maji, na huku nyuma ng'ombe wanakula yaliyobaki. Maisha yote ya yule mama lilikuwa linamfuata mgongoni, polepole, na yeye anachoma maandazi.

Watu wakaanza kusogea. Mwanzoni walikuwa wanatutania, "Mnachimba mihogo?" Halafu wakaanza kuinama waangalie. Hata Mayunga akaja akasimama juu yetu mikono nyuma.

Kwenye njia kati ya jiko na zizi, mzizi ukaisha. Umeoza. Udongo pale ulikuwa mgumu kama tofali, miguu ya watu na ya ng'ombe imeushindilia, na mzizi ukawa vumbi mkononi mwangu.

"Basi," akasema Mayunga. Hakusema kwa furaha. "Umetokea hapa. Mkaa hakuna, basi tugawane, mpaka uwe katikati ya hapa na mawaridi."

Hapo katikati jiko lingepona nusu, na jiko nusu ni tofali tu. Nikainama niangalie tena, na kidole changu hiki hiki kilichostaafu, wakati huo bado kizima, kikazama. Palikuwa na tundu. Mzizi ulikuwa umeoza, lakini ule udongo mgumu ulikuwa umeshika umbo lake, na ndani ya tundu mlikuwa na udongo laini, mweusi, kama unga. Mzizi umekufa, njia yake imebaki.

"Fundi, njoo uweke kidole."

Akaweka. Akafumba macho. "Yaa Rabi," akasema taratibu, na hakukohoa.

Tukalifuata lile tundu kwa kijiti na vidole, tukivuka njia yote, tumelala kifudifudi kama mijusi. Likaingia chini ya boriti za zizi. Samadi ya miaka mingi. Tukaikwangua tabaka kwa tabaka, tukashuka mpaka shimo likanifika kiunoni, na huko chini nikagusa kitu kigumu, cha duara, kama kichwa cha mtu mzima.

Lilikuwa shina. Lile la kwanza kabisa. Limeliwa na ng'ombe kila lilipotoa jani, limekanyagwa, limekojolewa, limezikwa, mpaka limekuwa fundo jeusi lisilo na sura ya mmea. Nikalikwangua kwa ukucha nijue limekufa lini. Chini ya gome palikuwa kijani. Na upande mmoja, kwa vile ng'ombe wameshauzwa na hakuna anayelikanyaga tena, palikuwa na kitumba cheupe chenye ncha nyekundu, kinaelekea juu.

Wenzangu, mimi ni mtu wa masihara, nina neno kwa kila kitu. Pale sikuwa na neno. Nilikaa kwenye lile shimo na samadi mpaka magotini.

Fundi akapitisha mkono chini ya shina, akautoa mweusi wa mkaa. Akapitisha tena, akatoa kigae. Cheusi, mdomoni kina mistari. Akampa Bi Zena. Bi Zena akakifuta kwa kanga, akakigeuza, akampa Mayunga.

Mpaka ulikuwa ndani ya zizi la baba yake, mbali kuliko hata Bi Zena alivyodhani. Jiko lilikuwa la yule mama, njia ilikuwa ya kwake, na kipande cha zizi pia. Mpimaji alikuwa amerudi, amesimama nyuma ya watu, kofia mkononi. Mwenyekiti akasema, "Sasa, Bwana Mayunga." Mayunga akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Pima hapa." Akageuka aondoke, aende zake kituoni apande basi la Igunga, na kwa alivyogeuka ungejua kwamba Ntalikwa hatarudi tena.

Ndipo Bi Zena akavua ndala, akanisukuma, "Toka humo, mtoto," na yule mama, na umri wake wote, akashuka kwenye shimo. Akalala chali kando ya lile shina, akavuta kanga mpaka usoni.

Watu wa mjini hapo wangeita gari la wagonjwa. Sisi tulielewa. Mnyamwezi akifa, mtani wake anashuka kaburini analala, anakataa kutoka mpaka wafiwa wamlipe. Ndiyo heshima yenyewe. Na siku ya mazishi ya Mzee Mihayo, Bi Zena alipoanza masihara, Mayunga, kwa uchungu na kwa kutojua, alimwomba akae pembeni, hataki mzaha kwenye msiba wa baba yake. Akakaa pembeni. Kumbe alikuwa bado anadai nafasi yake.

"Mihayo kafa," akasema kutoka chini ya kanga, "na mimi sijalipwa. Sitoki."

Mayunga akarudi mpaka ukingoni. "Mama, inuka, utaumwa."

"Nilipe."

"Nitakuletea gunia la mchele."

"Mchele wa Igunga una mawe. Sitaki."

"Unataka nini?"

"Baba yako angesimama hapo ulipo asingeniita mama. Nilipe kama baba yako."

Fundi akanibana mkono nisije nikamsaidia Mayunga. Mayunga alikuwa anageuza kile kigae vidoleni, taya linacheza, na macho yameanza kujaa, nadhani kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akalitazama lile shina. Akamtazama bibi aliyelala.

"Toka humo, Mzaramo," akasema. "Ukiozea hapo mawaridi yatanenepa, yataanza safari ya Igunga, na mimi kule sina bafu."

Kanga ikaanza kutikisika. Bi Zena alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi, halafu kilichokuwa kicheko kikawa kilio, na Mayunga akaruka ndani ya shimo na shati lake la msibani, akamshika mabega, wakalia wote wawili mle, na mpimaji akageuza chombo chake kikatazama upande mwingine.

Walipotoka, nikashuka mimi. Nikarudisha udongo kwa mikono, taratibu, nikaacha kile kitumba cheupe wazi juu, kipate jua.